Mwanangu ameniita mbeuzi kwa sababu sikuamini msaada wa baba yake mkubwa

Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mjane wa miaka 43, naishi Bugembe, nje kidogo ya Jinja. Baba yangu alikuwa mwanajeshi, tumekulia kambini, ndiyo maana Kiswahili kwetu ni lugha ya nyumbani na ndicho ninachozungumza na wanangu mpaka leo. Nauza mitumba sokoni.

Mume wangu alifariki 2019. Alituachia nyumba tunayokaa, vyumba vinne vya kupangisha kwenye kiwanja hichohicho, na shamba dogo la miwa kijijini kwao. Matanga hayajaisha vizuri, binamu yake mmoja akaingia shambani na vibarua. Miwa ikakatwa, lori likapakia likaenda kiwandani, malipo akachukua yeye. Nilipouliza nikaambiwa pesa hizo zimelipa gharama za mazishi. Daftari la mazishi nilikuwa nalo mimi, Shangazi. Kila kilo ya mchele na kila gunia la makaa limeandikwa humo pamoja na jina la aliyetoa. Jina la binamu halimo.

Ukoo ulimweka mwanangu wa kwanza kuwa musika wa baba yake, yaani mrithi wake wa kimila, na kaka mkubwa wa marehemu akawa mukuza, yaani mwangalizi wetu. Huyu shemeji ana duka la vipuri Kampala. Miaka yote hii amekuwa mtu wa kupiga simu siku za sikukuu, basi. Sasa mwanangu amemaliza kidato cha nne, na matokeo ni mazuri kuliko nilivyotarajia. Shemeji akaja na sukari na sabuni, akasema atalipa karo yote ya kidato cha tano na cha sita, shule ya bweni. Muhula mmoja ni shilingi 1,400,000. Mimi pesa hiyo sina na siwezi kuipata kwa kuuza mashati.

Nilikuwa naanza kushukuru, akauliza: "Shemeji, hivi hati ya kiwanja iko wapi? Ningependa kuiona, nijue jina la ndugu yangu bado limo."

Nikamjibu palepale, mama mkwe na watoto wakisikia: "Kumbe ndicho kilichokuleta." Akaweka kikombe chini, chai haijafika nusu, akaaga akaondoka.

Usiku ule mwanangu akaniambia, "Mama, wewe ni mbeuzi." Sikulijua neno. Akasema amelipata kwenye kamusi ya shuleni, ni mtu asiyeamini kwamba binadamu anaweza kutenda jema bila kutafuta faida yake. Akanikumbusha kina mama wa kanisani walioniletea chakula nilipolazwa, na mimi nikasema wanatafuta cha kusimulia. Ni kweli nilisema. Na walisimulia.

Baba yangu aliishi miaka ya Amin akiwa na sare. Alitufundisha kwamba mjinga ndiye huamini, na kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mafundisho hayo yamenisaidia. Majirani walipoanzisha kikundi cha akiba wakanibembeleza nijiunge, nilikataa nikatukanwa. Mweka hazina alipotoweka na sanduku, pesa yangu haikuwemo.

Hati iko ndani ya sanduku langu, bado ina jina la marehemu. Shemeji amepiga simu mara moja, sikupokea. Mtoto anakula kwa bibi yake na kurudi kulala tu. Siku ya kuripoti shuleni inakaribia. Naomba uniambie, mbeuzi ni tusi? Na mtu ambaye nia yake siijui, nimpokeaje?

Mama wa Bugembe

---

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba ambao naona bado haujapoa, na hongera kwa matokeo ya kijana. Umemlea peke yako kwa pesa ya mashati na kodi ya vyumba vinne mpaka amefika mlango wa kidato cha tano. Hilo nimelisoma kabla ya yote, ingawa wewe umelipita haraka.

Kama nimekuelewa, kuna mambo mawili yamefungwa pamoja. Moja ni karo ya mtoto na kiwanja cha marehemu, na hilo lina tarehe na lina karatasi. La pili ni neno alilokuita mwanao, ambalo limekuchoma kwa sababu hujui kama anakutukana au anakuambia ukweli. Nianze na hilo neno, kwa kuwa umeliuliza waziwazi.

Kubeua ni kudharau. Mbeuzi kwa maana aliyoiokota kijana ni mtu anayedharau wema wa watu, kwa sababu ameshakata shauri kwamba nyuma ya kila wema kuna tumbo la mtendaji. Watu hulichanganya na mwenye shaka, lakini hao ni watu wawili tofauti. Mwenye shaka huuliza kisha akangoja jibu. Ukimletea daftari atalisoma, na likiwa safi atatulia. Mbeuzi jibu analo tayari. Ukimsaidia, una lako. Usipomsaidia, si aliwaambia? Ukimsaidia miaka kumi bila kuchukua kitu, basi unangoja wakati wako. Aliye mbele yake hana la kufanya likamsafisha.

Kwa hiyo, ndiyo, mtu akiitwa hivyo kwa maisha yake yote ni neno zito. Likitumiwa kwa jambo moja lililosemwa jioni moja, ni lawama, na lawama inaweza kujadiliwa. Waingereza nao wana neno lao, siniki kwa matamshi yetu, lililotoka kwa wanafalsafa wa Ugiriki ya kale waliobandikwa jina la mbwa. Maarufu kati yao ni Diogenes wa karne ya 4 kabla ya Kristo. Husimuliwa kwamba alikuwa akilala Athens ndani ya mtungi mkubwa, akitembea na taa mchana kweupe akisema anatafuta mtu. Alikuwa na ulimi mkali kwa kila aliyepita, lakini taa aliishika. Nawe umekaa ukaniandikia barua ndefu kuuliza kama unakosea. Mtu aliyekwisha kukata shauri haandiki barua ya namna hiyo, na naomba kijana wako aambiwe hilo.

Sasa baba yako. Sisi wa umri wangu hatuwezi kuyacheka mafundisho yake. Kati ya 1971 na 1979 nchi hii ilikuwa na watu wa State Research Bureau, makachero wa Amin, na hukujua nani kwenye meza ya pombe au kwenye foleni ya sukari angekwenda kusema ulichosema. Mtu aliyekuamini kupita kiasi alikuwa hatari kwako na kwake. Ndani ya kambi hali ilikuwa mbaya zaidi, maana walioanguka wengi walikuwa wanajeshi wenyewe. Halafu 1987 zikaja fedha mpya. Shilingi 100 za zamani zikawa 1, na juu ya hapo asilimia 30 ikakatwa wakati wa kubadilisha. Aliyekuwa amejiwekea akiba kwa uaminifu aliondoka dirishani na pengo. Baba mwenye watoto akitoka katika miaka hiyo akawaambia "mjinga ndiye huamini", alikuwa anawapa kitu kilichomfikisha hai.

Ila naomba tulitazame hilo la mjinga kwa utulivu. Mwaka 2018 watafiti wawili, Olga Stavrova na Daniel Ehlebracht, walichapisha uchunguzi uliotumia takwimu za watu wa nchi 30. Walikuta kwamba watu wengi hudhani asiyemwamini yeyote ndiye mwerevu. Vipimo vilionyesha tofauti. Wenye uwezo mkubwa wa kufikiri kwa kawaida dhana yao mbaya juu ya watu ilikuwa pungufu kuliko ya wengine, na pale walipokuwa nayo ni mahali ambapo mazingira yenyewe yaliidai. Walibadilika kulingana na mahali walipo. Nimelifikiria jambo hilo nikiwa na barua yako mkononi. Kwenye kikundi cha akiba ulikuwa sahihi. Kwenye miwa ulikuwa sahihi mara mbili, maana ulikuwa na daftari. Swali langu ni kama shemeji wa Kampala amesimama mahali palepale aliposimama binamu, au umemweka hapo wewe kwa kuwa wametoka ukoo mmoja. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hakuna anayemlaumu kwa kushtuka. Lakini baada ya kushtuka huwa anatazama tena chini.

Tumtazame basi. Ameuliza hati. Wewe umesikia: anataka kiwanja. Inawezekana, na kwa yaliyokupata sitakuambia uliwaza vibaya. Inawezekana pia kwamba anazijua tabia za binamu yake kuliko unavyozijua wewe, na anaogopa jina la ndugu yake lisije likafutwa na mtu mwingine. Maneno yake yanabeba maana zote mbili bila shida. Hata kule kuweka kikombe chini na kuondoka hakutusaidii, kwa sababu mwizi aliyeshtukiwa huondoka hivyo, na mtu mwema aliyeumizwa mbele ya mama yake huondoka hivyohivyo.

Na kwa nini tunadhani lazima nia iwe moja? Shemeji yako ni mukuza. Kila ukoo ukikutana kuna mzee atamuuliza watoto wa marehemu wanasoma wapi. Huenda analipa karo kwa kumpenda mtoto wa ndugu yake, na huenda pia analipa asiaibike kikaoni, na huenda moyoni ana hatia ya miaka ya simu za sikukuu. Vyote vinakaa ndani ya mtu mmoja siku moja. Kina mama wa kanisani walisimulia, nakuamini. Chakula nacho walileta, na ulikila ukapona. Mimi sioni kwamba la kwanza linalifuta la pili.

Moyo wa shemeji huwezi kuufungua ukausoma, hata mkikaa pamoja miaka ishirini. Kuna vitu viwili lakini vinavyosomeka, karo inapita wapi na jina gani liko kwenye daftari la ardhi. Ningependa shaka yako ihamie huko, kwa sababu huko italipwa jibu.

Karo kwanza, kwa kuwa ni rahisi. Shule nyingi siku hizi humpa kila mwanafunzi namba yake ya malipo, mtu akalipa benki au kwa simu na fedha ikaingia shuleni moja kwa moja. Ukimpa shemeji namba hiyo, pesa haipiti mkononi mwako wala huna cha kumwandikia kwamba umekipokea. Ubaya wa njia hii ni kwamba anaweza kuchoka katikati. Kidato cha tano na cha sita ni mihula sita, na duka la vipuri lina misimu yake. Muulize mapema, kwa upole, kama ni ahadi ya mihula yote au ya mwaka mmoja kwanza, na kama ni zawadi au ni deni. Muulize bibi wa watoto akiwepo. Kuna watu wataona umemvunjia heshima. Mimi naona swali la namna hiyo ni heshima kuliko kukaa kimya huku ukimhesabia.

Kuna njia ya kugawana, kwamba yeye alipe karo, na wewe ununue godoro, sare, vitabu na nauli kutoka kwenye kodi ya vyumba. Njia hii itakugharimu, lakini hutakuwa mpokeaji tu, na kijana ataona mama yake naye yumo. Na kuna ya kukataa kabisa ukamtafutia shule ya kutwa ya karibu ambayo uwezo wako unaifikia. Si njia ya aibu hata kidogo. Wengi wamesoma kutwa wakafika mbali. Hatari yake ni kijana mwenyewe, kwa sababu ataingia darasa hilo akiamini kwamba alikosa bweni kwa neno moja lililosemwa mezani. Kama utaichagua, mweleze sababu zako mpaka azielewe, hata kama hatazikubali.

Hati ndiyo iliyonikosesha usingizi. Umesema bado ina jina la marehemu, na hukutaja kwamba ulikwenda mahakamani kuomba barua za usimamizi wa mirathi. Kama hukwenda, hapo pana tundu, awe shemeji ni malaika au ni mwizi. Hati iliyofungiwa sandukuni haimzuii mtu mwenye hila kwenda kwingine na karatasi za kughushi. Sheria ya Mirathi ilirekebishwa 2022. Kwa marekebisho hayo, ambayo ni vizuri uulize kama yanahusu kifo cha 2019, kama ndoa inatambuliwa na marehemu hakuacha wosia, mjane ana asilimia 20, watoto 75, wategemezi wengine 4, na musika wa kimila 1. Nyumba mliyokuwa mnaishi naye huwekwa kando na mgawanyo huo kwa ajili ya mjane na watoto. Cheo cha mukuza peke yake hakina fungu. Nenda ofisi ya ardhi ya Jinja na namba za kiwanja, omba upekuzi, ulipe ada yao, utapewa maandishi ya nani ameandikwa na kama kuna pingamizi lolote. Wanasheria wanawake wa FIDA husaidia wajane wasio na uwezo, waulize juu ya kuweka kaveati, yaani zuio la kubadilisha jina kwenye kiwanja, na juu ya barua za mahakama.

Ukishakuwa na karatasi hizo, ombi la shemeji linabadilika uzito. Unaweza kumwonyesha nakala na hati ikabaki ulikoiweka. Unaweza hata kumwomba, kama mukuza, asimame nawe mahakamani na kuuambia ukoo kwamba anaunga mkono. Hapo utamwona. Mtu aliyeuliza kwa kujali atapumua. Mwenye lake ataanza kutafuta sababu za kuchelewesha, na utakuwa umejua bila kumtukana. Naongeza tahadhari moja, kwamba ukimwita mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji, kwenye mazungumzo ya kwanza, itaonekana kama kesi. Wengine wangemwita, nami nawaelewa. Wewe unamjua mama mkwe wako, na huenda anatosha.

Simu ya shemeji hukupokea, na amepiga mara moja. Sijui kama atapiga tena. Unaweza kumpigia bila kurudisha maneno yako wala kuyatetea, ukasema tu kwamba yaliyotokea kwa miwa yalikuacha na hofu, na kwamba unataka mzungumze karo na kiwanja kama mambo mawili, kila moja kwa siku yake. Ukiona ni mapema mno kumpigia, mtume mama mkwe.

Kijana naye ana miaka mingapi, kumi na sita, kumi na saba? Alipokuwa mdogo wa darasa la tano au la sita aliona miwa ya baba yake ikipakiwa, na huenda hajawahi kuambiwa kilichofuata. Mtolee lile daftari la mazishi. Mkae nalo, asome majina yote, ya waliotoa mchele, makaa, kuni, na waliotoa shilingi elfu mbili tu. Ataona kwa macho yake kwa nini unawaogopa watu wa upande ule. Atakuta pia humo majina mengi ya watu ambao mpaka leo hawajakudai kitu, na kama jina la baba yake mkubwa limo, litazameni pamoja mlivyoandika siku ile. Halafu muulize yeye angemuuliza nini baba yake mkubwa kabla ya kupokea. Ni musika, mambo haya ni yake pia.

Niandikie ulivyoamua, hata kama ni kinyume na yote niliyoyataja. Na ukienda ofisi ya ardhi, nenda asubuhi na mapema ukiwa na nakala mbili za kila kitu.

Shangazi